Siku Mwewe Aliposimama

Mjukuu wangu alivua hereni, akavua saa, akanikabidhi pochi yake, kisha akaniangalia kama mtu anayeingia chumba cha mtihani.

"Bibi, nikianza kulia usinionee haya."

"Ulie kwa nini? Si umekuja kupanda bembea?"

"Ndiyo."

"Basi panda. Kilio tutakifanya nyumbani, nafasi ipo."

Akacheka, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye ile mashine waliyoiita Mwewe. Katikati ina nguzo ndefu ya chuma, na juu yake mikono imetanda kama mbavu za mwavuli, kila mkono umebeba kiti. Viti huanza kuzunguka polepole, vikapanda mpaka shingo yako iume kwa kuvitazama, halafu vikashuka kwa ghafla kama mwewe halisi aliyeona kifaranga. Watu hupiga kelele, wakishuka hujipanga foleni tena. Mimi sijapata kuwaelewa.

Lakini mjukuu wangu nilimwelewa.

Ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi. Miaka iliyopita alikuwa mnene sana, na wengine walikuwa wakimwita majina mengine. Siku moja alikuja uwanja huu wa bembea na wenzake wa kazini. Akapanga foleni, akapata kiti kwenye Mwewe. Kile chuma kinachoshushwa kifuani kumzuia mtu asianguke kikakataa kufunga. Mwendesha mashine akakisukuma mara ya kwanza, akakisukuma mara ya pili. Kwenye foleni mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akapokea. Mara yule mwendesha mashine akapaza sauti: mashine imeharibika, wote washuke! Watu wakashuka wakinung'unika.

Siku ile Fundi alirudi nyumbani akakaa mbele ya cherehani yake bila hata kuvua viatu. Akaniambia, "Bibi, nimevunja mashine ya watu."

Nilimwambia chuma hakivunjwi na mtoto wa mtu. Hakunisikia. Tangu siku ile akaacha kukaa kwenye viti vya watu. Harusini alisimama. Kwa daktari alisimama, ameegemea ukuta kama anangoja kuitwa. Nyumba ya jirani akikaribishwa kiti, alisema, "Ahsante, sikai, napita tu." Watu walidhani ana haraka. Mimi nilijua.

Baadaye daktari alimwonya kuhusu magoti na shinikizo la damu, akabadilisha mlo, tukaanza kutembea kila asubuhi. Mimi miguu yangu ni ya kuomba na kubembeleza. Basi yeye alitangulia mpaka kwenye kona, akarudi kunichukua, akatangulia tena. Njia moja akaitembea mara mbili kwa ajili yangu, na nadhani ndiyo iliyomsaidia. Mwili ukapungua kidogo kidogo, mpaka siku moja nikampita sokoni bila kumjua. Magauni yake aliyapunguza mwenyewe, lakini hakukata kitambaa hata kidogo. Alikikunja ndani ya mshono. Nilipomuuliza alisema, "Je, nikikihitaji tena?"

Ndipo akaibuka Mwenye Magodoro.

Huyu bwana ana duka kubwa la magodoro. Zamani shangazi yake Fundi, yaani binti yangu, aliwahi kumpendekezea Fundi kwa nia njema. Bwana yule akajibu kwamba yeye anauza magodoro, anajua lipi litakaa na lipi litabonyea. Maneno yakazunguka, yakatufikia. Sasa kamwona Fundi kwenye harusi fulani, kapigwa na butwaa, kaleta ujumbe wa posa. Na leo, saa kumi na moja jioni, alikuwa anakuja nyumbani kusikia jibu.

"Bahati haiji mara mbili," shangazi mtu aliimba wiki nzima. "Mwanamume ana duka, ana adabu, hanywi."

"Nitajibu jioni," Fundi akasema. "Mchana nina safari."

Safari yenyewe ndiyo hii.

Mwendesha mashine alikuwa mwanamume mrefu, mwenye kofia iliyopauka na kitambaa begani. Ujana wake ulikuwa wa juzi, si wa jana. Kabla mtu hajakaa alifuta kiti, hata kama suruali ya mkaaji ilikuwa chafu kuliko kiti. Aliponiona nimesimama juani, akaingia kwenye kibanda chake, akatoa kiti chake mwenyewe, akakiweka kivulini.

"Karibu ukae, Bibi. Hapa upepo hauleti vumbi."

"Na wewe utakaa wapi, mume wangu?"

"Mimi nimesimama tangu nizaliwe," akasema, akarudi kazini. Kweli, hakukaa mchana wote. Nikaliweka moyoni.

Zamu ya Fundi ikafika. Akakaa, akafumba macho. Mwanamume akashusha kile chuma. Kah! Kikafunga.

Mjukuu wangu akafumbua macho. Akapitisha mkono kati ya tumbo na chuma, mkono wote ukapita.

"Bibi! Kimefunga!"

Watu wote wakageuka. Nami nikapiga kelele kutoka kitini kwangu, "Nimeona, mama! Nimeona!"

Mwendesha mashine akatabasamu. "Dada, huwa kinafunga."

"Si kwa kila mtu."

Tabasamu likamwisha. Akakivuta kile chuma kuhakikisha, akakivuta tena, kisha akasema taratibu, "Kweli. Si kwa kila mtu."

Mwewe akapanda. Niliona viatu vya mjukuu wangu vikipita juu ya kichwa changu, nikaona gauni lake limejaa upepo, nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hakulia. Alicheka njia nzima, kupanda na kushuka, akicheka mpaka anakosa pumzi, anapata, anacheka tena. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami akaanza kucheka naye, bila kujua anacheka nini.

Alishuka nywele zimetimka.

"Tena," akasema.

Akapanda tena. Aliposhuka safari hiyo, mashine ikasimamishwa ili ipumzike. Watu wakaenda kutafuta vinywaji. Mwendesha mashine akawa anazunguka kiti kwa kiti na kitambaa chake. Kutoka kwenye lile gurudumu kubwa la jirani, mwanamke aliyeliendesha akaita:

"Wee Breki! Chai ipo!"

"Nakuja!"

Fundi alikuwa amesimama karibu nami akivaa hereni. "Breki?" akauliza. "Ndilo jina ulilopewa na mama yako?"

"Mama hana kosa. Ni hawa hapa kazini."

"Uliwakosea nini?"

Akacheka, halafu akaamua kusema. "Siku moja nilisimamisha mashine nzima isiyo na ubovu wowote. Bosi akakasirika, akanihamishia kwenye treni la watoto. Nimeendesha lile treni mpaka nikaota linapiga honi, kabla hajanirudisha hapa. Ndipo wakaniita Breki."

"Ulisimamisha kwa nini?"

"Kulikuwa na dada mmoja. Chuma hakikumfunga. Watu wakaanza kumcheka." Akakunja kitambaa chake mara nne kama barua. "Nikaona nikimwambia ashuke peke yake watamla mzimamzima. Basi nikasema mashine imeharibika. Tukashuka wote."

Nilijishika mdomo. Hereni ilibaki mkononi mwa mjukuu wangu.

"Kwa hiyo haikuharibika," akasema.

"Hata skrubu moja haikulegea."

"Na yule dada, unajua alirudi nyumbani na nini?"

"Sijui. Aliondoka ameinamisha kichwa. Kwani unamfahamu?"

"Namfahamu sana. Alirudi nyumbani akijua ameivunja mashine yako kwa uzito wake. Hajakaa kwenye kiti cha mtu tangu siku hiyo. Harusini anasimama. Msibani anasimama. Anaogopa atavunja."

Yule mwanamume alivua kofia. Rangi ya uso wake nilidhani itaisha yote.

"Mimi nilidhani nimemsitiri."

"Ulimsitiri kwa watu," Fundi akasema. "Ukamwacha na nafsi yake."

Maneno hayo yalikuwa makali, na yeye mwenyewe aliona ni makali, lakini hakuyarudisha. Nami sikuingilia. Jipu likianza kutoa usaha usilifunike.

"Nipeleke kwake," mwanamume akasema. "Nimwombe radhi. Nilimtafuta, haki ya Mungu. Kila foleni nilikuwa naangalia."

"Umtafute wa nini?"

Akaikunjakunja kofia. "Watu wakifika hapa wananitupia tiketi. Yeye aliniambia, 'Pole na kazi, kaka.' Kwenye foleni kulikuwa na mtoto gauni limemchanika, akatoa pini kwenye ukosi wake akamfunga vizuri, mtoto akaenda akijitazama. Halafu alipokaa, kabla ya lile balaa, akashika mto wa kiti akaniambia mshono unaachia, nipige mara mbili. Nikasema nitamtafuta anifundishe kushona." Akatazama chini. "Kushona kwenyewe kilikuwa kisingizio."

Mimi nikakohoa. Kikohozi changu hakikuwa na ugonjwa.

"Ukimwona leo utamjua?" mjukuu wangu akauliza.

"Nitamjua."

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Hapo nilitazama kwingine, nisiharibu mambo ya watu kwa kicheko. Fundi akamtazama mwanamume yule kwa muda, kisha akatembea mpaka kwenye kiti kimoja cha Mwewe, si kile alichokalia. Akashika mto wake. Pembeni ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene mweusi, mishono mikubwa iliyokwenda upande kama meno ya mzee.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho. Nilikishona mwenyewe."

"Nilikuambia upige mara mbili," Fundi akasema. "Sikukuambia ushone kama unafunga gunia la mkaa."

Nasema kweli, hata mashine za jirani nilihisi zimenyamaza. Yule mwanamume alimtazama uso, akatazama mikono, akarudi usoni.

"Wewe?"

"Mia kwa mia, eh?"

"Dada, mimi..."

"Usihangaike. Yule uliyekuwa unamtafuta hayupo tena. Wote nyumbani wamefurahi kwamba hayupo. Wengine wameleta mpaka posa kwa kufurahi."

"Yupo," Breki akasema.

"Yupo wapi?"

"Amenikemea sasa hivi."

Niliona jicho la Fundi limejaa maji, na nilijua tabia yake: akizidiwa na jambo hukimbilia mlangoni. Na kweli, akanigeukia.

"Bibi, twende. Muda unakwenda. Mgeni atafika."

"Dada, subiri kidogo tu," mwanamume akasema. "Nikuonyeshe kitu kimoja, halafu nenda salama, sitakufuata."

Akampeleka upande wa pili wa Mwewe. Nami nikainuka nikawafuata, maana umri huu unaruhusu. Kwa macho yangu viti vyote vilikuwa sawa, rangi ileile nyekundu. Akaweka mikono miwili juu ya kiti kimoja.

"Kipime kwa jicho la fundi."

Fundi akatazama. Akapima kwa shubiri, akaenda kwenye kiti cha pili yake, akapima, akarudi.

"Hiki ni kipana."

"Na cha mbele yake. Viko viwili. Chuma chake kirefu. Baada ya siku ile nilimsumbua bosi, nikamsumbua, mpaka akaviweka apate kupumzika na usumbufu wangu. Akataka vipakwe rangi ya manjano vijulikane. Nikakataa. Nikamwambia viwe vyekundu kama vingine, mtu akikaa asijulikane amekaa wapi."

Mjukuu wangu akainama kukitazama kile chuma kirefu.

"Nilikuwa najiambia atarudi," Breki akasema. "Hata ungerudi vilevile ulivyokuwa, kiti chako kilikuwepo."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia wanaume wakiwasifia wanawake macho, shingo na mwendo. Nami nilisifiwa, na sikuchukia. Lakini sikuwahi kusikia mwanamume akimwambia mwanamke kwamba amemwekea nafasi ya kutosha.

Fundi aliweka kiganja juu ya kile kiti kipana, akakipapasa kama anavyopapasa kitambaa cha bei. Hakusema twende. Hakusema tukae. Nikaona hapa kuna mtu mmoja amezidi, na mtu huyo ana mkongojo.

"Na mimi nataka kupanda," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Kupanda nini, Bibi?"

"Lile gurudumu."

"Bibi, wewe unaogopa ngazi ya kupandia darini!"

"Ngazi haina mlango. Lile lina mlango. Nishikie mkongojo."

Mwanamke wa gurudumu alinipokea kama yai. Akaniingiza kwenye kijumba kimoja cha gurudumu, akafunga mlango, akanifunika magoti kwa kitenge chake ili upepo usiniingie. Yeye naye nikamweka moyoni. Gurudumu likaanza, nikashika chuma kwa mikono miwili.

Nilipofika juu mara ya kwanza nilifumba macho. Nikakumbuka sikupanda kwa ajili ya kufumba macho, nikayafumbua. Uwanja wote ulikuwa chini yangu, mapaa ya nyumba, nguo zimeanikwa, na wale wawili wadogo kama vifungo vya shati. Walikuwa wamesimama mbalimbali. Fundi alikuwa amekumbatia mkongojo wangu kama mtu anayejilinda na mbwa.

Mzunguko uliofuata mkongojo ulikuwa umelala chini. Mwanamume alikuwa amepiga goti kando ya kile kiti chenye mshono wa gunia, anafungua kamba za mto. Fundi alikuwa amesimama juu yake, kidole kinaonyesha, na hata kwa mbali nilijua anasema, siyo hivyo, siyo hivyo.

Gurudumu likaniteremsha, likanipandisha tena, na nilipofika juu kabisa likasimama ili watu wa chini waingie. Hapo ndipo simu ikalia ndani ya pochi niliyokabidhiwa. Nikaitafuta kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika chuma.

"Haloo! Wewe mtoto, uko wapi?" Alikuwa binti yangu.

"Si yeye, ni mimi."

"Mama! Mko wapi? Mgeni amekwisha fika, amekaa sebuleni na viatu vipya."

"Mimi niko juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya miti. Naona mapaa."

"Mama, umekunywa dawa zako?"

"Nimekunywa, na zimefanya kazi. Msikilize mama yako. Mpe mgeni chai, mpe na maandazi ya jana, mwambie aende salama. Asisubiri."

"Mama! Bahati haiji mara mbili!"

"Imekuja mara mbili, mwanangu. Mara ya kwanza hatukuijua."

"Sielewi hata neno moja. Upepo unavuma. Na huyo mtoto anafanya nini huko?"

Nikainama kutazama, polepole, nisilitikise gurudumu la watu. Kile kiti alichonitolea Breki kilikuwa palepale kivulini nilipokiacha. Mjukuu wangu alikuwa juu yake. Hakukaa ukingoni kama mtu anayepita. Mgongo wake wote ulikuwa umeegemea, mguu mmoja umepanda juu ya mwingine, ule mto uko mapajani, na sindano ya kwenye ukosi wake iko kazini. Mwanamume alikuwa amechuchumaa mbele yake ameshika uzi kwa mikono miwili. Fundi akasema kitu. Mwanamume akacheka mpaka uzi ukamponyoka.

"Amekaa," nikasema.

"Amekaa?" Sauti ya binti yangu ikabadilika. Naye alikuwa kwenye harusi zote zile. Naye alikuwa ameona, kumbe, ila hakuwa akisema. "Amekaa kwenye nini, Mama?"

"Kwenye kiti cha mtu. Ameegemea kabisa."

Nikasikia anavuta kamasi, kisha anajikaza.

"Basi," akasema taratibu. "Ngoja nikamchemshie mgeni chai. Lakini msichelewe, Mama. Na ujifunike, huko juu kuna baridi."

"Nimefunikwa."

Gurudumu likaanza tena, likanishusha hadi chini. Yule mwanamke akashika mlango wa kijumba changu, tayari kuufungua. Akafuata macho yangu mpaka kwenye kivuli cha Mwewe, akatabasamu.

"Bibi, nikushushe?"

"Zungusha tena, mwanangu," nikamwambia. "Mimi sina haraka."